Nyumba ya mbavu za mbwa Pangani: ukuta umekwisha, paa halijatikisika. Inawezekanaje?

#1 Mgeni_Njiani

Wakuu salaam.

Nipo Pangani kikazi. Jana jioni nilikuwa nazurura mitaa ya nyuma ya zile nyumba kongwe zinazotazama mto, nikakutana na nyumba ya mbavu za mbwa, yaani ya miti na fito zilizokandikwa udongo, ambayo mpaka sasa naiwaza. Ukuta wake wa upande wa kusini umekwisha kabisa. Udongo wote uko chini, zimebaki nguzo na fito tupu, unaona hadi uani. Fito zimefungwa kwa kamba za makumbi, msumari sikuona. Lakini paa limenyooka, halijainama upande wowote. Juu ni bati lililoshika kutu. Mlango wa mbele una fremu ya nakshi, si ya kifahari ila mkono wa fundi unauona.

Mzee wa jirani kaniambia nyumba ni ya tangu enzi za Mjerumani.

Mimi kwetu bara. Kibanda cha miti kule kwetu kikipigwa mvua za misimu michache tu, mchwa wameshamaliza habari. Hii imekaa vipi miaka yote hiyo, tena karibu na bahari, tena miti yenyewe imefukiwa ndani ya udongo? Wanaojua ujenzi wa pwani naomba mnieleweshe.

#2 Mtata

Picha iko wapi?

Halafu huyo Mjerumani wa nchi hii alikuwa hana kazi nyingine. Kila kitu kilichochakaa kajenga yeye. Daraja la Mjerumani, kisima cha Mjerumani, mwembe wa Mjerumani. Pangani yenyewe kaishika vizuri baada ya kumnyonga Abushiri, kiongozi wa vita vya pwani dhidi yake, Desemba 1889, na Mwingereza akamtoa 1916. Hiyo miaka haifiki thelathini, na hapo katikati alikuwa na vita juu ya vita. Nyumba za udongo za Waswahili alizijenga saa ngapi?

#3 FundiPau

Mtata, kasema ya tangu enzi za Mjerumani, hajasema kajenga Mjerumani. Soma taratibu.

Mgeni, jibu ni mikoko. Hiyo siyo miti ya kuokota porini kama ya kwenu. Mkoko umejaa ile dawa ya magome, maji yake mekundu yale yale wanayotia ngozi. Wakati wa Wajerumani magome ya mikoko yalikuwa biashara, yanatolewa delta ya Rufiji yanapelekwa viwanda vya ngozi Ulaya. Mchwa akiuma hapo anasusa. Mimi nimebomoa nyumba za zamani Tanga na Muheza, unakuta mlango umeliwa, kabati limeliwa, nguzo ya mkoko unaigonga inalia kama chuma.

Kuhusu paa kutoinama, hapo wengi mnakosea mnapoona nyumba ya udongo. Mnadhani ukuta ndio umebeba. Hapana. Paa limebebwa na nguzo na mtambaapanya, ule mti uliolala juu yake. Makombamoyo, ile miti ya mteremko inayoshika paa, yanakaa juu ya mtambaapanya, mzigo unashuka kwenye nguzo hadi ardhini. Udongo ni pazia tu, unazuia upepo na macho ya watu. Ukianguka, nyumba iko uchi lakini imesimama.

#4 BintiShangani

Fundi hapo kwa nguzo na pazia nakuunga mkono. Kwa mchwa sikubali.

Mchwa hapendi mwanga. Anajenga vijia vyake vya udongo ili apande bila kuonekana. Sasa nguzo iliyokandikwa udongo, yeye kashajengewa njia bure. Mikoko au si mikoko, akiingia humo hamumjui mpaka paa liwaangukie. Kilichowasaidia watu wa zamani ni chokaa. Nyumba ikishakandikwa inatomewa kwa vijiwe, inasiribwa, inapakwa chokaa nje na ndani. Ukuta mweupe kijia cha mchwa kinaonekana asubuhi ile ile, unakikwangua. Nyanya yangu, mtaa wa Ng'ambo Unguja, alikuwa akifagia, macho yako ukutani.

Na nyumba nyingi zilizokufa siku hizi zimeuliwa na saruji. Mtu anapiga plasta ya saruji juu ya udongo, inapendeza mwaka mmoja. Unyevu unapanda kutoka chini, hauna pa kutokea, udongo ndani unageuka uji. Siku moja plasta inashuka kipande kizima na udongo wake. Chokaa ingeuacha ukuta upumue. Mji Mkongwe ugonjwa huu tunao hata kwenye nyumba za mawe. Mgeni hebu angalia kwenye kifusi kama pana vipande vya saruji.

#5 Chumvi_Mkomani

Assalaam aleikum. Lamu hapa.

Fundi, mikoko si mmoja. Mchu nao ni wa mikokoni, na huo ukiujengea nguzo utajuta. Mkoko wenyewe, ule wenye mizizi ya magongo, na mkandaa na muia ndiyo ya kujengea. Na twanunua kwa unene: fito, pau, mazio, boriti, nguzo, banaa. Kila moja na kazi yake. Mtu akikuuzia pau kwa bei ya boriti, makosa ni yako.

Halafu mmesahau jambo kubwa. Mti hukatwa mwezi wa giza. Ukikatwa mbalamwezi, maji yamepanda mtini na wadudu watakuja. Wazee wote wa Lamu wajua hili. Jahazi zilikuwa zikipakia boriti hapa na Rufiji kwenda Arabuni na Uajemi, na wanunuzi kule walijua boriti iliyokatwa vibaya kwa kuitazama tu. Biashara ile ilikwisha kwetu 1982, Kenya ilipopiga marufuku kuzisafirisha nje.

#6 Kipimajoto

Mwezi tena?

Chumvi, kwa heshima zote, mti haujui tarehe. Kinachovutia wale wadudu wadogo wanaoacha unga ni wanga uliomo ndani ya mti. Ukiuloweka mti majini muda wa kutosha wanga unatoka. Sasa boriti zinakatwa wapi? Kwenye maji. Zinakusanywa ukingoni, maji yanajaa yanapwa juu yake, zinasubiri chombo. Kulowekwa huko ndiyo dawa, mwezi unapewa sifa ya bure.

#7 Chumvi_Mkomani

Na maji kujaa na kupwa kwaletwa na nini, bwana Kipimajoto?

#8 Mtata

😂😂😂 Kipimajoto kazimika.

#9 Kipimajoto

Sijazimika. Bamvu, yale maji yanayojaa na kupwa sana, lipo mwezi mpevu na lipo mwezi mwandamo pia, mara mbili kwa mwezi. Kwa hiyo kwa hesabu za maji mwezi mpevu ungekuwa mzuri sawasawa na giza. Chagua moja.

#10 Chumvi_Mkomani

Nimechagua la wazee wangu.

#11 Mpare_Ughaibuni

Nimewasoma kimya kimya, ngoja na mimi nitie neno. Niko Ujerumani, upande wa milima ya Harz. Mji wa Quedlinburg umejaa nyumba za namna hii, uko kwenye orodha ya Urithi wa Dunia toka 1994. Mara ya kwanza kupita mitaa yake nilicheka peke yangu: nimetoka Same nimewaachia mbavu za mbwa, nimekuja kuzikuta huku watalii wanazipiga picha. Mbao zinasimamishwa, katikati zinasukwa fito, unakandikwa udongo uliochanganywa na majani makavu, juu chokaa. Tofauti kubwa ni kwamba mbao zao ni nene, zimechongwa pembe nne, na huku wameziacha zionekane kwa nje. Ipo moja pale imepimwa umri wa mbao zake, miti ilikatwa miaka ya 1346 na 1347. Sasa ni makumbusho.

Lakini angalieni chini yake. Nguzo haigusi ardhi. Kuna msingi wa mawe, juu ya msingi kuna gogo limelazwa, nguzo zinasimama juu ya hilo gogo. Zamani na wao walikuwa wakichimbia nguzo kama sisi, na nyumba zao za enzi hizo zimeoza zote, wachimbaji wa mambo ya kale wanakuta mashimo tu. Kwa hiyo mimi nasema siri siyo mti wala mwezi. Ni nguzo imekaa wapi.

#12 FundiPau

Mpare, huko hakuna mchwa wa kwetu. Hata mwaloni, ule mti mgumu wa Ulaya, ungeletwa Muheza tuone kama ungefikisha huo umri.

Na nguzo za kwetu zinachimbiwa kwa sababu. Nyumba ya makuti ni nyepesi, kusi likija bila nguzo kushika ardhini unaikuta kwa jirani. Wao wana viungo vya kuchonga mbao ikaingia ndani ya mbao, na paa zito la vigae linaikandamiza nyumba yote chini. Sisi tunafunga kwa kamba. Kila mtu na hali yake.

#13 MamaKijoti

Wanaume mnabishana mwezi na mwaloni, jikoni hamjafika.

Nyumba ya bibi yetu Bagamoyo, chumba kilichokaribia jiko miti yake ilikuwa nyeusi inang'aa, pau na makombamoyo mpaka kamba. Hakuna mdudu aliyesogea. Chumba cha mbele cha wageni, ambako moshi haufiki na ndiko kulikopakwa chokaa vizuri zaidi, ndicho kilichoanza kuliwa. BintiShangani nisamehe dada. Bibi alipohamia jiko la mkaa, likawekwa uani, nyumba haikukaa muda mrefu ikaanza kutoa unga juu ya kitanda.

#14 BintiShangani

Nimekusamehe shoga yangu, lakini moshi unapanda juu. Umenisaidia paa, hukunisaidia nguzo kule chini inakogusa udongo.

#15 Mgeni_Njiani

Asanteni, nimerudi pale leo. Picha tano hizo hapo, Mtata uridhike.

Majibu kwa walioniuliza. Saruji ipo, kwenye kifusi kuna vipande vya plasta vinene kama vidole viwili. Kuta nyingine tatu hazina saruji, zina chokaa kuukuu. Chini pana baraza la mawe na udongo mbele tu, pembeni nguzo zinaingia ardhini moja kwa moja. Na hili sikuliona jana: nguzo hazifanani. Kuna mbili za pembeni nyekundu nzito, zimejipinda, zimechakaa. Za katikati ni nyembamba, zimenyooka, rangi hafifu, na chini zimepakwa kitu cheusi.

#16 BintiShangani

Saruji! Sina la kuongeza.

#17 Kobe_wa_Mikindani

Sasa Mgeni ametuletea jambo. Hizo za katikati ni mivinje, na hicho cheusi ni oili chafu. Hawakujenga nazo wakati wa Mjerumani wala wa Mwingereza.

Jamani, nyumba ya miti haikai miaka mia. Inakarabatiwa miaka mia. Kwetu Mikindani baada ya kila masika baba alikuwa anazunguka nyumba na kipande cha chuma, anachoma kila nguzo usawa wa ardhi. Palipooza ni hapo hapo, sentimita chache juu na chini ya udongo, kwa sababu ndipo hewa na maji vinapokutana. Ikiingia, anaweka mti wa kuegemeza mtambaapanya, anatoa nguzo, anaweka nyingine, wanakandika, jioni tunalala humo humo. Ukimuuliza nyumba ina umri gani anakwambia ya babu yake. Ukimuuliza ni nguzo ipi aliyoiweka babu yake, ananyamaza anakunywa kahawa yake.

Fundi anasema mikoko, binti chokaa, mama moshi. Vyote sawa. Ila hii ya Mgeni imefika hapa kwa sababu kuna mtu alikuwa anachoma nguzo na chuma, na ukuta umeanguka kwa sababu huyo mtu hayupo tena.

#18 FundiPau

Kobe, mbili za pembeni bado ni mikoko na zimesimama, mivinje ndiyo iliyowekwa juzi juzi tu. Hiyo ni hoja yangu au yako?

#19 Kobe_wa_Mikindani

Umejuaje kwamba mivinje haikuchukua nafasi ya mikoko iliyooza?

#20 Kaskazi_na_Kusi

Mbona hakuna anayeuliza kwa nini ni ukuta wa kusini? Kusi linaanza kuvuma Aprili, masika ndiyo yamechachamaa. Mvua haishuki pale, inakuja ya ubavu. Nyumba ya makuti upenu wake ulikuwa unashuka chini mno, ukikaa barazani makuti yapo karibu na kichwa, ukuta hauoni mvua. Watu walipohamia kwenye bati walikata makombamoyo, maana bati ni pesa. Upenu ukabaki kama kiganja. Nimeangalia picha ya tatu, upenu hamna kabisa. Saruji wameipiga baadaye kujaribu kuzuia hiyo mvua. Kwa hiyo muuaji ni bati, saruji ni msaidizi wake.

#21 Mtata

Kesi imepata mshitakiwa wa sita.

Na mimi naleta wa saba. Walijenga kwa udongo kukwepa kodi ya Mjerumani. Mawe ya matumbawe yamejaa Pangani, kwa nini mtu mwenye mlango wa nakshi ajenge kwa udongo?

#22 Kobe_wa_Mikindani

Kodi ya nyumba ya 1897 ilikamata hata vibanda vya udongo vya mashamba, rupia tatu. Hakukuwa na pa kujificha. Watu walijenga kwa udongo kwa sababu mawe yanataka tanuri la chokaa, waashi, na muda. Mlango ni kitu kingine, mlango unaonekana na wapita njia.

#23 SheriaNiMsumeno

Mgeni, nyumba ikishapita miaka mia moja kisheria ni mali kale, haiguswi. Toa taarifa.

#24 Wakili_wa_Baraza

Si kweli, na hili linarudiwa sana. Kwa Tanzania Bara ni Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964. Jengo linalindwa lenyewe kama lilijengwa kabla ya 1863. La baada ya hapo linalindwa pale tu Waziri akilitangaza. Hakuna kipimo cha miaka mia. Hata kama ni ya enzi za Mjerumani kweli, haifiki 1863.

Cha kuchekesha ni mlango. Sheria hiyo hiyo inalinda milango na fremu za mbao zilizochongwa kabla ya 1940. Kwa hiyo kwa Mgeni hapo, nyumba inaweza kuanguka bila kumkosea mtu, lakini fremu ya mlango ukitaka kuipeleka nje ya nchi bila kibali una kesi. Zanzibar wana sheria yao na mamlaka yao ya Mji Mkongwe toka 1985, msichanganye.

#25 Mtata

Yaani mlango una wakili, nyumba haina.

#26 Mgeni_Njiani

Hakuna njia ya kujua umri wa zile nguzo mbili nyekundu? Kama walivyofanya hiyo ya Quedlinburg.

#27 Kipimajoto

Kule wanahesabu pete za mti na kuzilinganisha na kumbukumbu ndefu ya pete za miti ya eneo lile. Miti mingi ya kwetu pete zake hazieleweki. Lakini mkoko wa mizizi ya magongo watafiti waliuchunguza Gazi, Kenya, wakaona unaweka pete moja kwa mwaka, moja ya masika na kiangazi chake. Mchu ndio hauhesabiki, pete zake hazifuati mwaka. Tatizo ni kwamba ukihesabu nguzo unapata umri wa mti siku ulipokatwa, si mwaka uliokatwa. Bila kumbukumbu ya kulinganishia umejua tu kwamba mti ulikuwa na miaka arobaini, basi.

#28 Chumvi_Mkomani

Na mwezi je, pete yaonyesha?

#29 Kipimajoto

Lala salama Chumvi.

#30 Mpare_Ughaibuni

Tukiwa kwenye boriti, mnitatulie na hili. Nilipotembea Unguja niliambiwa vyumba vya nyumba za mawe ni vyembamba virefu kwa sababu boriti haizidi mita tatu hivi. Ni kweli?

#31 FundiPau

Kweli kabisa.

#32 Chumvi_Mkomani

Si kweli. Mkoko wakua mrefu kuliko hivyo, na nguzo ndefu zipo. Kinachozuia ni sakafu ya juu. Pale juu ya boriti pana mawe, na juu ya mawe chokaa iliyopondwa, unene wa mkono. Uzito huo ukiutandaza kwenye boriti ndefu yapinda. Fundi wa zamani alijua mwisho wa boriti yake.

#33 BintiShangani

Yote mawili, na la tatu ni kwamba hapakuwa na haja. Chumba chembamba na kirefu kinapitisha upepo na kinagawanyika vizuri kwa pazia. Waliotaka kumbi pana walileta chuma, kama Beit al-Ajaib, lile jumba la Sultani hapa Unguja, ya 1883 yenye nguzo za chuma. Na ile nayo sehemu yake ilianguka Desemba 25, 2020, ikaua watu. Kwa hiyo tusiseme chuma ndio mwisho wa matatizo.

#34 MamaKijoti

Mgeni, mwenye nyumba yuko wapi? Watu wamehama au wamo?

#35 Mgeni_Njiani

Wamo. Chumba cha mbele analala kijana na mkewe, ukuta wa kusini wametundika turubai. Anataka kuukandika upya mwezi ujao kabla ya mvua, ameniuliza kama afadhali apige tofali za saruji upande huo mmoja.

#36 BintiShangani

Jamani! Mwambie aache!

#37 Kaskazi_na_Kusi

Aongeze upenu kwanza. Hata wa makuti chini ya bati.

#38 FundiPau

Tofali upande mmoja, miti pande tatu, nyumba itapasuka pembeni. Ukuta wa tofali unatulia chini kivyake na miti inacheza kivyake. Akandike tu. Udongo wa kichuguu kama anaupata, siyo wa ufukweni wenye chumvi, huo hautakauka vizuri na utamomonyoka. Fito zilizolegea azifunge upya kabla ya kukandika, maana akishakandika hazifikii tena. Boriti za mikoko asikate mwenyewe, ile ni hifadhi, aende akaulizie kibali au anunue kwa mwenye kibali.

#39 Kobe_wa_Mikindani

Na achome nguzo zote na chuma kabla hajaanza, zile nyekundu pia. Mgeni ukimsaidia utuambie zimeingia au hazikuingia.

#40 Mtata

Zikiingia Fundi anatununulia kahawa.

#41 FundiPau

Na zisipoingia?

#42 Mtata

Tutasema ni mwezi.